Ukuta Uliojengwa Mwezi wa Tano

Januari ile mto Lhubiriha ulikuwa unafika magotini. Nakumbuka kwa sababu niliuvuka mwenyewe, suruali nimeikunja, kwenda kumsalimu shemeji yangu upande wa Kongo bila kupitia daraja la Mpondwe, jambo ambalo si la kujisifia mbele ya watu wa forodha. Mawe ya chini yalionekana moja moja. Ukingo wetu, ule uliokatwa na mafuriko ya 2020, ulikuwa mkavu na mrefu kumpita mtu mzima, ukidondosha vumbi kila mbuzi alipopita juu yake. Aliyetaka kujenga ukuta wa mawe pale asingepata siku nzuri kuliko hizo mwaka mzima.

Ukuta ulijengwa mwezi wa tano, maji yakiwa kifuani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo cha kijijini kwetu, watu 27, wengi wao akina mama, na riziki yangu ni kuuza chumvi ya Katwe sokoni Mpondwe. Nyumbani tunasema Lukonzo, na ndugu zetu Wanande wa ng'ambo wanatuelewa bila shida. Ila daftari la kikundi huandikwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya biashara yetu, na wanachama watatu waliohamia kutoka pande nyingine za Uganda hawajui Lukonzo. Fomu ya ruzuku ilipokuja kwa Kiingereza, ni mimi niliyekaa nayo jioni tatu kwenye taa, nikiigeuza sentensi baada ya sentensi ili watu wajue wanachoomba. Nalitaja hili mapema kwa sababu kosa mojawapo ninalolichambua hapa lilitoka kwenye kalamu yangu. Mfuko wenyewe, ofisi na mkandarasi sitavitaja majina. Nimekaa na kisa hiki muda wa kutosha kujua kwamba ungebadilisha watu wote hao, ukaacha tarehe zilezile, ukuta ungeanguka vilevile.

Lhubiriha unashuka kutoka milima ya Rwenzori, na kwa sehemu ndefu ndio mpaka wetu na Kongo. Mei 2020 mito ya wilaya yetu ya Kasese ilifurika karibu kwa pamoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na huu wetu. Habari zilienda zote Nyamwamba, na kwa haki, maana ndio ulioibomoa hospitali ya Kilembe, na familia zilizokosa makazi zikaishia kambini, nyingine kule Muhokya. Tena Nyamwamba ulikuwa umeshafanya fujo kama hiyo Mei 2013. Sisi tulipoteza vitu ambavyo redio haisomi: kidaraja cha miti, vyoo vinne, migomba ya kaya kumi na moja, na nyumba mbili ambazo wenyewe walitoka na godoro tu. Hakufa mtu.

Kutokufa mtu tulimshukuru Mungu, lakini kwenye foleni ya serikali kulitupeleka nyuma. Fedha za maafa hapa kwetu zimezoea kufuata msiba, na hata zikifuata, hazina haraka. Mlima uliiangukia Nametsi kule Bududa, mashariki mwa nchi, tarehe 1 Machi 2010, ukafukia watu kwa mamia. Baadhi ya manusura walihamishiwa Kiryandongo mwaka huohuo. Nyumba za Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, zilipokea familia za kwanza mwaka 2019. Katikati ya miaka hiyo Bududa ilizika tena Juni 2012 na Oktoba 2018, mlima ni uleule. Sasa kijiji ambacho hakijazika mtu kinaomba kwa lugha gani? Kinaambiwa kuna mfuko wa aina nyingine, wa kupunguza hatari kabla hazijafika, na huo una fomu.

Kikao cha muluka, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, kilikaa Oktoba, wakati mipango ya mwaka unaofuata inapokusanywa. Afisa maendeleo wa gombolola, ngazi inayofuata juu ya muluka, kijana mstaarabu, alitueleza utaratibu: serikali inatoa waya, fundi na usafiri, jamii inatoa mchanga, mawe na nguvu zake. Jamii ndiyo inayochagua mradi. Hapo ubishi ukaanza.

Mhazini wetu, mama wa makamo anayelima juu kabisa ya mteremko, alisimama akasema, "Jamani, mto hauanzii hapa. Maji yanayotuua yanatoka kwenye mashamba yetu sisi wenyewe, tumelima mpaka mlima umebaki uchi. Tuchimbe makinga maji, tupande matete na mianzi huko juu, ndipo tuje kwenye ukingo."

Mwenyekiti hakumbishia. Alisema tu, "Mama, hayo yote kweli. Lakini fomu inauliza mita ngapi."

Na kweli iliuliza. Kulikuwa na kisanduku cha matokeo yanayopimika, na mita za ukuta zinapimika. Matete yanapimwa vipi? Kwa shina? Kwa mbuzi walioshindwa kuyafikia? Ukuta ukashinda kwa kura nyingi, yangu ikiwemo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinazuia kulima ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wa kawaida, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Nusu ya waliokuwa kikaoni, mimi mmoja wao, tuna migomba ndani ya mita hizo 30. Kwa hiyo tulikuwa tunaiomba serikali itulindie kwa ukuta shamba ambalo serikali hiyohiyo imetukataza kulima. Afisa maendeleo analijua hilo, na mama yake naye ana migomba kwenye mto wao. Tulipiga makofi tukafunga kikao.

Sasa nije kwenye kalenda, maana ndiyo iliyotuangusha, na watu wengi wanaosimulia kisa chetu huiruka.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti ifikapo 31 Mei, na fedha hushuka wilayani kwa robo mwaka, si kwa mkupuo. Mvua za kwetu nazo zina mwaka wao: za kwanza Machi hadi Mei, za pili Agosti hadi Novemba. Kiangazi kikubwa ni Desemba, Januari na Februari, na kile kifupi ni Juni na Julai. Weka kalenda moja juu ya nyingine kama mama anavyopanga vitenge sokoni. Miezi ambayo mtu anaweza kuingia mtoni na koleo inaangukia katikati kabisa ya mwaka wa fedha, wakati karatasi bado zinatembea. Miezi ambayo ofisi inahangaika kumaliza fedha ni ile ambayo mto umejaa.

Kwetu ilikwenda hivi. Robo ya kwanza tuliambiwa kilichokuja kilikuwa kidogo, na kililipa madeni ya mwaka uliopita. Robo ya pili zabuni ikatangazwa, karatasi ikabandikwa ubaoni wiki chache kabla ya Krismasi. Januari, ule mwezi nilivuka nimekunja suruali, kamati ya kutathmini zabuni haikukaa kwa sababu wajumbe hawakutimia. Februari ilikaa, na mmoja wa walioshindwa akalalamika, kama anavyoruhusiwa na sheria, ikabidi asikilizwe. Machi mkataba ulisainiwa. Wiki ya mwisho ya Aprili lori la waya likafika kijijini, na lilikwama mara mbili njiani kwa matope.

Ukizitazama hatua hizo moja moja, huoni ubaya. Zabuni inapaswa kutangazwa. Mlalamikaji anapaswa kusikilizwa. Ningekuwa mimi nimeshindwa, ningelalamika pia. Ila hakuna hata hatua moja iliyomuuliza mtu yeyote mto utakuwa wapi karatasi hii ikimalizika.

Mwenyekiti alimfuata mhandisi akamwomba kazi ingoje mpaka maji yashuke. Nilikuwepo. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Mzee wangu, nikiahirisha, hizi pesa hutaziona tena."

Alisema kweli. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka fedha ambazo hazijatumika mwaka wa fedha unapoisha zirudi kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Nia yake naielewa: zamani fedha zililala kwenye akaunti za ofisi mpaka zikaota miguu. Lakini kwa mtu aliyesimama kando ya Lhubiriha mwezi wa tano, sheria hiyo ina maana moja tu, jenga ndani ya maji au usijenge.

Tukajenga. Hapa inabidi nieleze gabioni, ambayo ukuta wetu ulijengwa nayo, ni kitu gani, kwa sababu nilikuja kulijua kwa gharama.

Ni sanduku la waya wa chuma uliopakwa zinki, matundu yake kama sentimita 8 kwa 10, linalojazwa mawe makubwa kuliko tundu. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 linameza mita za ujazo 2 za mawe, na usicheke mpaka uwe umezibeba kwa karai. Uzuri wake ni kwamba si zege. Likisukumwa hupinda badala ya kupasuka, na maji hupenya kati ya mawe bila kujikusanya nyuma yake. Udhaifu wake uko miguuni. Mto hausukumi gabioni kifuani ukaiangusha. Unachimba mchanga ulio chini yake mpaka sanduku linakosa pa kukanyaga, linainama lenyewe. Kwa hiyo msingi unachimbwa chini kuliko mto unavyoweza kuchimba, au mbele ya ukuta linatandikwa sanduku pana na jembamba, mafundi wanaliita godoro, ambalo mchanga ukiondoka linashuka na kuziba shimo. Ncha ya ukuta inayoelekea mto unakotoka inazikwa ndani ya ukingo, ili maji yasipate mlango wa nyuma. Kati ya mawe na udongo huwekwa kitambaa cha kuchuja, maji yapite, udongo ubaki.

Mchoro wetu ulikuwa na hayo yote. Niliuona kwa macho yangu: msingi wa mita moja, godoro, ncha iliyozikwa, kitambaa. Mchoro ulikuwa wa Januari.

Mwezi wa tano vijana walishuka na makoleo. Koleo la kwanza lilitoa kokoto, la pili likatoa kokoto na maji, na la tatu lilipoinuka shimo lilikuwa limejaa tena kama halijaguswa. Pampu haikuwepo, kwani mkataba haukuitaja, na haukuitaja kwa sababu aliyeuandika alidhani kazi ni ya kiangazi. Msimamizi, mtu wa kazi kwelikweli, aliagiza sehemu ya kwanza izungushiwe magunia ya mchanga ili maji yatolewe kwa ndoo. Tulishinda kutwa tukijaza magunia. Usiku mvua ikanyesha mlimani, kwetu hata tone, na asubuhi magunia yalikuwa yamehamia Kongo.

Siku tano za namna hiyo, msimamizi akakata shauri. Masanduku yaliwekwa juu ya kokoto, kina cha goti, mahali pengine kifundo cha mguu. Godoro liliwekwa kwenye masanduku sita ya kati tu. Mawe ya kupasuliwa yaliyotajwa kwenye mkataba, yale yenye kona yanayoshikana, hayakufika yote, maana lori la machimboni halikuweza kuipita barabara. Pengo tulilijaza kwa mawe ya mtoni, ya mviringo. Mawe ya mviringo hayashikani, hugeuka ndani ya waya kama viazi kwenye gunia. Tulijua. Msimamizi alijua zaidi yetu, na jioni moja alikaa juu ya sanduku akavuta sigara bila kusema neno mpaka giza likaingia.

Mkaguzi alikuja wiki ya mwisho ya Juni. Futi yake ilipima urefu wa ukuta na kimo chake juu ya maji, na vyote vilikuwa sawasawa na mkataba. Chini ya maji hakupima, na angepimaje? Hati ikasainiwa, fedha zikalipwa kabla ya tarehe 30, kibao cha mradi kikasimamishwa kando ya njia, rangi ya bluu. Wiki mbili baadaye mto ukashuka. Kiangazi kifupi kilikuwa kimefika.

Ukuta uliishi mpaka Oktoba. Nilikuwa nimelala niliposikia, na nilichosikia mwanzoni hakikuwa maji, kilikuwa waya: mlio mwembamba, kama mtu anayekaza spoku za baiskeli, mmoja, kimya, mwingine, kimya. Asubuhi tukakuta maji yameingia nyuma ya ncha ya juu, ile ambayo haikuzikwa vya kutosha, yakala udongo, na masanduku saba yamelalia uso mtoni. Ya katikati, yale sita yenye godoro, yalikuwa yameshuka karibu nusu mita lakini yamesimama. Ya chini hayakuguswa, na mpaka leo akina mama wanaanikia nguo juu yake.

Kufikia saa nne kijiji kizima kilikuwa na jibu: wamekula.

Sokoni, kwenye bodaboda, baada ya misa, neno ni hilo. Mimi nilikuwa na nafasi ambayo wengine hawana, kwani katibu huingia kwenye kamati inayotakiwa kuonyeshwa hesabu. Nilizipitia. Risiti za waya zinalingana na masanduku, na masanduku nilikuwa nimeyahesabu mwenyewe yakishushwa. Mishahara ya vibarua najua nani alilipwa kwa sababu nilikuwa naandika majina. Usafiri ulikuwa ghali, na matope ndiyo yaliyoupandisha. Kuna posho mbili tatu za vikao ambazo ingekuwa fedha yangu nisingezilipa. Lakini uzijumlishe zote, hazinunui msingi. Uzirudishe zote, shimo bado linajaa maji koleo la tatu likiinuka.

Nilipoyasema haya kikundini sikupendwa. Nimekuja kuona kwamba "wamekula" ni jibu linalowapumzisha watu, maana baada yake huna kazi ya kufanya zaidi ya kulaani. Wizi upo kwenye nchi hii, mimi si mtoto. Ila safari hii, kadiri ninavyoweza kuona, fedha zilifika, zikafanya karibu kila kilichoandikwa, na zikaingia mtoni kwa sababu ya tarehe.

Na tarehe hiyo ina sahihi yangu. Ukurasa wa nne wa fomu ulikuwa na mstari unaouliza kazi itaanza lini. Niliandika: mara fedha zitakapopatikana. Niliandika hivyo kwa adabu. Mwombaji hampangii mpaji siku. Mama mhazini alikuwa ameketi kando yangu, na alijua vizuri mno mto unashuka mwezi gani, kwani ndiye anayelima mahindi kwa kuuangalia. Sikumuuliza, na fomu nayo haikuniambia nimuulize. Tulikuwa na jibu sahihi chumbani, limevaa kitenge, tukaandika adabu.

Serikali yenyewe imewahi kujua namna nyingine. Ule mradi wa kaskazini unaojulikana kwa jina la NUSAF, awamu yake ya tatu, iliyoanza 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 130, ulikuwa na sehemu yake Karamoja iliyofanya kazi kinyume na yetu. Fedha zilitengwa mapema kwa ajili ya ukame. Satelaiti zilipima ukijani wa majani na malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kazi za ujira kwa jamii, za kuchimba mabwawa na makinga maji, zilipanuliwa kuchukua kaya nyingi zaidi kabla njaa haijakomaa. Majani yakinyauka, mlango unafunguka, bila kusubiri kikao cha kutambua maafa.

Najua ukame ni mgonjwa anayekufa polepole na mafuriko ni ajali ya gari, na satelaiti haitajenga ukuta wa Lhubiriha. Ninachokitamani kutoka Karamoja ni kitu kimoja: tarehe ilitoka kwenye hali ya hewa, na ofisi ikaifuata. Kwetu mto haukuhitaji hata satelaiti. Kiangazi chake kinajulikana na kila mtoto anayekwenda kuteka maji.

Mtu atauliza kuhusu fedha za dharura. Zipo kisheria, na Katiba ya 1995, ibara ya 249, ilitaja hata tume ya kujiandaa na maafa, ambayo ilibaki kwenye karatasi miaka nenda miaka rudi. Lakini dharura ni ya baada. Sisi tulikuwa tunaomba ya kabla.

Kuna upande wa kisa hiki ambao hauko kwenye fomu yoyote, nao ni ng'ambo. Ukuta wetu, kwa miezi minne uliyosimama wote, ulifanya kazi yake sawasawa: uliyakataa maji. Maji yaliyokataliwa hayapotei. Shemeji yangu alipoteza kipande cha shamba la muhogo, upana wa hatua kumi hivi, upande wa Kongo. Alikuja kwangu siku ya soko, akanunua chumvi kama kawaida, akalipa kama kawaida, halafu akasema, "Shemeji, ninyi mulijenga ukuta, siye mukatutumia maji." Nikamwambia pole. Akaniuliza kama ile serikali yetu iliyotoa fedha inaweza kutoa kidogo na kwao. Tulicheka, lakini dada yangu, mkewe, hakucheka, na Krismasi ile hawakuja.

Sijui ningefanya nini hapo. Mto wa mpaka una kingo mbili na fomu moja. Mhandisi aliniambia kwamba makinga maji ya mlimani, yale ya mama mhazini, ndiyo peke yake yasiyomsukumia jirani maji. Kwa hiyo tulianza na hayo bila fedha za mtu, kila Jumamosi, kazi ya pamoja ambayo wenzetu wa Kongo wanaiita salongo. Nisidanganye hapa: matete ya kwanza yaliliwa na mbuzi, ikabidi tuweke faini, faini ikaleta ugomvi, na mianzi imeshika vizuri kwenye korongo moja tu kati ya matatu. Bado halijaja furiko kubwa la kuijaribu. Anayekuambia miti imeshinda mawe kijijini kwetu anakuuzia kitu.

Kwa ukuta, tuliomba tena. Safari hii tulikaa na mama mhazini na kalenda ya kanisa ukutani, na tukagawa kazi mara mbili. Waya na mawe ya machimboni haviogopi mvua, kwa hiyo vinunuliwe na kufikishwa ndani ya mwaka mmoja wa fedha, hata Mei, hata Juni, vilundikwe juu mahali pakavu. Kuchimba na kupanga masanduku kukae kwenye mwaka wa fedha unaofuata, vibarua na fundi tu, mkataba mdogo usio na zabuni ya miezi sita. Kwenye mstari wa tarehe niliandika: kazi ya mtoni, tarehe 5 Januari hadi 28 Februari, si nje ya hapo. Mkono ulinitetemeka kidogo.

Gombolola walirudisha fomu mara ya kwanza. Walisema rundo la mawe si mradi, huwezi kuliwekea kibao. Ni mhandisi yuleyule aliyetuokoa, akatufundisha tuliandike kwa mita za ujazo zilizowasilishwa, na kwa kipimo hicho rundo likawa matokeo. Mawe yalifika Juni, ya kupasuliwa, yenye kona, malori manane. Yako kando ya njia mpaka sasa yakingoja Januari, na watoto wameyafanya kiti cha kuangalia mpira.

Shida mpya ni kwamba mawe mazuri yaliyolala miezi sita yana marafiki. Kuna msingi wa nyumba uliopanda haraka kidogo, na kuna kibaraza ambacho hatukielewi. Mama mhazini ameyapaka yote ya juu chokaa, na kila Jumamosi baada ya salongo anapita akiyahesabu kwa fimbo. Jumamosi iliyopita alikuta matatu yenye chokaa nyumbani kwa mwenyekiti, yamekuwa mafiga, sufuria juu yake. Akataka kuyachukua palepale. Mke wa mwenyekiti akamwomba angoje maharage yaive.